Overmorrow ni kesho kutwa, na mtondo je?

Wiki iliyopita kijana mmoja alitutumia kwenye kundi letu la WhatsApp orodha ya maneno ya kale ya Kiingereza. La kwanza lilikuwa overmorrow. Chini yake akaandika: "Oneni lugha ilivyo tajiri. Sisi hatuna." Watu wakampongeza. Mimi moyo uliniuma.

Overmorrow maana yake kesho kutwa. Na ereyesterday, aliloliweka la pili, ni juzi. Mtoto wa chekechea hapa kwetu anayasema yote mawili kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Ni zuri, na lina historia. Limo katika Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, Biblia nzima ya kwanza kuchapwa kwa Kiingereza. Katika kitabu cha Tobiti, Tobia anamwamsha bibi arusi wake Sara wasali leo, kesho na overmorrow. Coverdale alitegemea sana tafsiri za Kijerumani na za Kilatini, na Wajerumani mpaka leo wanasema übermorgen katika mazungumzo ya kawaida. Waingereza wakaliacha lao likafa. Sasa wanatumia maneno manne, the day after tomorrow, kutaja siku waliyokuwa na jina lake. Lugha yenye vitabu vingi kiasi kile, na bado siku ikapotea jina! Ndivyo walivyoiacha na thou, yaani wewe wa mtu mmoja. Leo you ni wewe na ni ninyi.

Sasa sikilizeni. Jumanne nilipeleka kitambaa kwa fundi cherehani hapa mtaani. Mzee akanipima, akabana karatasi yenye vipimo kwa pini, akasema, "Mwanangu, njoo mtondo." Msaidizi wake, kijana wa miaka ishirini hivi, akaacha kukanyaga cherehani. "Babu, mtondo ndiyo lini?" Babu akamhesabia kwa vidole vyenye alama za sindano: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne za mbele, kila moja na jina lake, na yule kijana alikuwa anazijua mbili tu.

Nakubali, kuna jambo Waingereza wametuzidi. Kamusi yao kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, haifuti neno. Likifa, linawekewa alama kwamba halitumiki tena, na mifano ya waliolitumia inabaki palepale. Ndiyo maana leo tunaweza kuliona overmorrow. Lakini mtondo halijafika huko. Bado kuna mzee anayelitumia kupangia kazi zake, na wateja wanaolielewa. Tukilisema nyumbani, dukani, kwenye simu, halitahitaji kuokolewa na kamusi yoyote. Nawaomba wazazi wenzangu, semeni mtondo mbele ya watoto, hata wakiuliza mara kumi.

Ijumaa nilifuata gauni langu. Nikamwachia fundi na kitambaa cha mapazia. Mzee akasema tena, "Mtondo." Kijana akachukua karatasi, akaandika MTONDO kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, Jumatatu.