Kasuku naye ana haki kama sokwe

Mtu akimfunga mtoto wa sokwe kwa mnyororo kibarazani kwake, majirani watapiga simu kwa askari wa wanyamapori. Akitundika tundu la kasuku wa kijivu kibarazani hapohapo, majirani haohao watasimama wamwamkie ndege na kucheka akiwajibu. Hili linaniudhi. Sokwe ana uso na vidole kama vyetu, ndiyo maana anatutia huruma upesi.

Ikiwa hoja ni akili, kasuku haachwi nyuma. Sokwe wa Gombe, kama mtafiti Jane Goodall alivyoshuhudia mwaka 1960, huchuma kijiti, wakakipukusa majani, wakakichomeka kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Naye Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg huko Marekani hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alikuwa akiwekewa sinia ya vitu mchanganyiko, anaulizwa vya rangi fulani ni vingapi, anataja idadi. Akionyeshwa vitu viwili vilivyo sawa kabisa na kuulizwa vinatofautiana wapi, alijibu kwamba hakuna. Mwenye kukariri tu hawezi hilo. Na ubongo wenyewe ni wa gramu 10 hivi, wakati wa sokwe unakaribia gramu 400!

Kilichonigusa zaidi ni jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Kasuku wawili waliwekwa vyumba jirani vyenye kidirisha katikati. Mmoja alikuwa na vipande vya kubadilisha kwa chakula, lakini upande wake palikuwa pamefungwa. Mwenzake angeweza kubadilisha, ila hana kitu. Yule wa kwanza akadaka kipande kwa mdomo, akampitishia mwenzake, kisha kingine na kingine, yeye mwenyewe asipate kitu.

Ndege wa namna hii ndiye anayenaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo. Wawindaji huupaka matawini, wakamfunga kasuku mmoja awe chambo. Kundi likitua, miguu na mbawa zinanata. Wanashindiliwa kwenye masanduku, wengi wanafia njiani. Anayefika salama anakaa peke yake, yeye aliyezaliwa kuishi kundini, na wengine hujinyonyoa manyoya hadi kifua kikabaki kitupu. Nchini Ghana wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1990. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimweka daraja moja na sokwe na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Sheria imeshafika hapo. Sisi wanunuzi, kuanzia Afrika Mashariki hadi Ghuba, bado.

Aliye na kasuku nyumbani asikimbilie kumwachia, maana aliyezoea kulishwa hatamudu porini. Ampe nafasi ya kunyoosha mbawa, vijiti vya kutafuna na muda wa kukaa naye kila siku, kwa miaka 40 au zaidi ikibidi. Akifa, asinunue mwingine.