Eti nyumba za maboksi

Juzi usiku kwenye kundi letu la mtaa ilirushwa picha ya mji uliolala chini kama shamba lililofyekwa. Miti imebaki fito. Maelezo yake: "Marekani jana." Si jana. Huo ni mji wa Greensburg, Kansas, na ile tornado, upepo wa kuzunguka kama mkonga unaoshuka toka mawinguni, ilipita usiku wa Mei 4, 2007. Lakini hilo nasamehe, kundi letu halijawahi kupatia tarehe.

Kilichonipandisha presha ni vicheko. "Wazungu wanajenga nyumba za maboksi." "Ungekuja Temeke, ungegonga tofali ukarudi kwao."

Haya. Barabara kuu ya Greensburg ilikuwa na majengo ya tofali za kuchoma, ya tangu enzi za babu zao. Karibu yote yaliporomoka. Upepo ulizidi kilomita 320 kwa saa, na karibu asilimia 95 ya mji ikaenda. Waliokufa pale mjini ni 11, kati ya wakazi kama 1,400. Kumi na moja tu! Ving'ora vililia mapema, watu wakashuka vyumba vya chini ya nyumba. Boksi lenye shimo chini yake.

Nakubali, shingo upande, tornado ya namna ile haijatufika Dar, na bloku ya inchi sita si mchezo. Lakini nani amewahi kuona upepo wetu ukianza na ukuta? Unaanza na paa. Ndiyo maana kila masika habari ni ileile: nyumba kadhaa zimeezuliwa.

Mimi nimeezuliwa. Chamazi, saa kumi alfajiri. Nilidhani lori limegonga ukuta. Kuwasha tochi, mvua inanyesha kitandani. Kulipokucha tukakuta kipande kizima, bati, papi (mbao zinazobeba bati) na kenchi mbili (fremu za mbao za paa), vimeshikana kama vilivyotengenezwa, vimelala juu ya banda la kuku la Mama Salma. Hakuna msumari uliong'oka. Mke wangu akaniambia, "Fundi wako kapigilia vizuri."

Kweli, alipigilia vizuri. Bati kwenye papi, papi kwenye kenchi. Kenchi na ukuta ndiyo hakuna aliyevifunga pamoja. Paa lilikaa pale juu kama kofia. Waya tu, ule mnene, ungelazwa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya kumwaga zege, ukapanda na kozi za juu za tofali, ukafunga mbao. Pesa ya tofali nilitoa bila kulalamika, bati nikataka geji 28 ya rangi ili wapita njia waone. Waya nikaubania! Hakuna mgeni anayekuja kusifia waya.

Halafu tunawacheka watabiri wa hali ya hewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na boti za Zanzibar zikasimama, huku Dar tulisema wametutisha bure. Barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Bure ya nani?

Jumamosi nimemwita fundi, mwingine huyu, aniongezee chumba. Nikamwambia tuanze na hesabu ya waya. Akacheka: "Bosi, ukuta wote huu wa tofali, upepo utaupeleka wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Mama Salma akaone banda.