Je, Hermiti ni sharti la lazima katika mlinganyo wa Dirac?

Katika fizikia ya kwanta, nishati ya mfumo hubebwa na Hamiltoniani, kanuni ya hesabu inayoweza kuandikwa kama matriki (jedwali la namba), na vitabu vingi vinasisitiza kwamba Hamiltoniani lazima iwe ya Hermiti, yaani ibaki ileile ukibadilishana safu na nguzo zake na kugeuza alama ya kila sehemu ya kufikirika. Sharti hilo huleta mambo mawili: nishati inakuwa namba halisi, na jumla ya uwezekano haipungui wala kuzidi moja. Mwaka 1998 Carl Bender na Stefan Boettcher walionyesha kwamba la kwanza linapatikana hata bila Hermiti. Hamiltoniani zao zilikuwa na namba changamano (zenye sehemu ya kufikirika, yaani yenye kipeuo cha pili cha -1) ndani yake, ila hazikubadilika nafasi na wakati vilipogeuzwa kwa pamoja, na nishati zilitoka halisi.

Mimi naona mtihani wenyewe uko kwenye mlinganyo wa Dirac wa 1928, unaoeleza chembe kama elektroni na ambao unatii uhusianifu wa Einstein. Mwaka 2005 Bender, Jones na Rivers waliongeza tungamo la pili, linalozidishwa kwa gama-tano, mojawapo ya matriki za nadharia ya Dirac, na hilo si la Hermiti. Hesabu yake ni fupi. Tukihesabu kasi ya mwanga kuwa 1, kipeo cha pili cha nishati ni kipeo cha pili cha momenta, ongeza kile cha tungamo la kwanza, toa kile cha la pili. Tungamo la kwanza likiwa 5 na la pili 3, chembe inaenda kama yenye tungamo 4. Hakuna tatizo. Geuza: 3 kwanza, kisha 5. Momenta ikiwa 5, nishati ni 3, na kasi inazidi ile ya mwanga. Momenta ikishuka hadi 3, nishati inakuwa ya kufikirika, na mawimbi yanakua au kufifia bila kikomo.

Wanaoitetea nadharia hii isiyo ya Hermiti wanajibu kwamba tubaki upande salama, pale tungamo la kwanza linapozidi la pili, na tubadili kanuni ya kuhesabu uwezekano ili jumla ibaki moja. Ni kweli, na Ali Mostafazadeh aliipa njia hiyo msingi imara kuanzia 2002. Lakini ukishabadili kanuni, chembe huru ya mfano wetu ni ileile ya Hermiti yenye tungamo 4, imeandikwa kwa namna nyingine. Jipya, kama lipo, litatoka pale chembe inapoingiliana na nyingine. Ndiyo maana naheshimu kazi ya 2015 ya Alexandre, Bender na Millington, waliotazama neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, kwa kuwa huko kuna kitu cha kupima.

Pingamizi zito zaidi lilikuja 2014. Yi-Chan Lee na wenzake walionyesha kwamba kifaa kinachofuata Hamiltoniani ya aina hii, kikitumika upande mmoja wa chembe mbili zilizofungamana (vipimo vyake vinahusiana hata zikiwa mbali) huku uwezekano ukihesabiwa kwa kanuni ya zamani, kingepeleka ujumbe papo hapo. Uhusianifu haukubali hilo. Watetezi wanasema kanuni mbili zimechanganywa, na hoja yao naikubali, ingawa inaturudisha palepale: ukitumia kanuni moja tu, muujiza unatoweka.

Maabara inaniegemeza upande huohuo. Katika jaribio la almasi la 2019, spini ya elektroni (sifa yake ya kikwanta inayofanana na kuzunguka) ilionyesha tabia isiyo ya Hermiti kwa msaada wa spini ya kiini iliyokuwa jirani, na zote mbili kwa pamoja zilitii Hermiti. George Gamow naye, mwaka 1928, alitumia nishati changamano kueleza chembe ya alfa inayotoroka kiini cha atomu. Kama chombo cha kuhesabia mfumo unaovuja, mbinu hii isiyo ya Hermiti haina mpinzani. Kuiita sheria ya msingi ya chembe ni dai jingine, na linahitaji kipimo cha neutrino ambacho Hermiti imeshindwa kukieleza.