Mgongo wa Kamanda

Elfu themanini na tano! Sindano, vidonge na ushauri wa daktari wa mifugo. Na ushauri wenyewe ni kwamba mbwa alale. Tangu lini mbwa akaandikiwa kulala, wakati mwenye mbwa natoka saa kumi na moja alfajiri?

Kamanda ni dachshund, mbwa mrefu wa miguu mifupi, niliachiwa na Mjerumani aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Hawa ndio waliotufikishia reli hapa Moshi 1911, halafu kwa mbwa wakajenga daraja lisilo na nguzo katikati. Alikusudiwa kuingia mashimoni kufukuza jamaa za nyegere. Huku mtaani kwetu Pasua, nyegere yuko wapi? Getini nimeandika "Mbwa Mkali", lakini mwizi akitaka kung'atwa paja itabidi apige magoti kwanza.

Daktari wa mifugo anasema diski za mgongo wa mbwa hawa hukauka mapema. Anaruka tu kutoka kwenye kochi, moja inachomoza, inabana mishipa ya fahamu, miguu ya nyuma inagoma. Kwa hiyo wiki 4 mpaka 6 kizimbani, asipande ngazi, asinenepe. Na kumbeba ni mkono mmoja kifuani, mwingine makalioni, mgongo unyooke.

Haya, mnyooshe ndani ya Hiace jioni.

"Meku, huyo analala siti mbili," konda akaanza.

"Anaumwa mgongo."

"Basi lipia wawili, mgonjwa na mgongo wake."

Dada mmoja akapiga yowe akahamia kwa dereva. Kijana wa nyuma akauliza kama anauzwa kwa mita. Mimi kimya, mtu mzima mwenye shati la kuchomekea. Ndipo mama mwenye ndizi akageuka.

"Baba, mimi nashuka kutoka Kibosho mlimani na mkungu kichwani miaka yote, sijapigwa sindano. Huyu alibeba nini?"

"Hakubeba kitu, mama. Ni ya kurithi, ipo kwenye ukoo."

"Hata kwetu ipo kwenye ukoo. Nilipewa panadoli."

Gari zima likamuunga mkono. Dereva akapunguza redio asikie vizuri. Konda anataka nauli, na mimi nikitoa mkono Kamanda anajikunja! Akaingiza mkono wake mfukoni mwangu, akachomoa elfu tano, akaning'inia mlangoni anaita abiria. Chenji sikuiona.

Fundi niliyemwagiza mteremko wa mbao wa kupandia kochi ameuliza kama nyumbani kuna mlemavu. Nimemwambia yupo.

Na upasuaji, daktari anasema, labda Nairobi. Nairobi! Mimi kiuno kinaniuma tangu masika, nikiinuka kitandani namtaja Yesu mara mbili, na hakuna aliyewahi kunibeba mkono mmoja kifuani. Nikisema nalala kidogo naulizwa nani ataleta unga.

Asinenepe, lakini mama mkwe anamchotea mtori, eti mgonjwa. Mtori wa mshare, ndizi zetu za kupika! Mshare siku hizi pale sokoni Mbuyuni bei unaiuliza ukiwa umekaa, na bado wanakupangia mbichi juu, mbivu chini. Nikarudisha, muuzaji akaniambia mbivu wape watoto. Watoto gani? Wangu wako bweni, na huko nako wameongeza mchango wa magodoro, wakati godoro walienda nalo wenyewe, jipya, la inchi sita.