Kilo 23 za Bi Maswali

Tanga husifiwa kwa waja leo waondoka leo. Aliyeisema hiyo hakuwahi kuwa na mgeni kama wangu. Kaja miezi kumi iliyopita na begi moja na daftari, msichana wa chuo kutoka Hamburg, kaja kusoma Kiswahili. Waliomleta waliniambia, "Fundi, huyu ni wa kukaa tu, hana shida." Nikauliza anakula nini. Wakasema kila kitu. Hapo hawakudanganya. Bada anakula, mbaazi za nazi anakula, ng'onda, samaki wetu mkavu, anamalizia na kichwa, na mimi mwenye nyumba nabaki nalamba mchuzi.

Siku ya tatu nikampa jembe, kama wahenga walivyoagiza. Akalipokea kwa mikono miwili, akaniuliza ngeli yake. Jembe, majembe. Akaandika kwenye daftari, akashukuru, akaketi. Siku hiyohiyo Ngamiani wakampa jina: Bi Maswali.

Sasa zimebaki siku 12 arudi kwao, na nyumba nzima imepagawa isipokuwa mimi.

Mke wangu alianza kulia tangu zilipobaki 30. Analia kwa awamu, asubuhi akichuja tui, jioni akikunja kanga za huyo binti. Mimi nilikwenda Handeni wiki mbili kumzika mjomba, mwanamke huyuhuyu aliniuliza kitu kimoja tu: ufunguo wa stoo nimeuweka wapi.

Mwanangu naye sina tena. Nikisema "gari ya jirani", haniangalii mimi, anamwangalia Bi Maswali, na yule ananong'ona, "Gari la, baba." Mimi! Niliyezaliwa na Kiswahili kinywani! Wiki nzima nikaacha kutaja magari, nikataja baiskeli tu, maana huko hawezi kunifundisha mtu.

Lakini balaa lenyewe ni begi. Ndege imeruhusu begi moja, kilo 23. Kwa mizigo ya mtaa wetu kilo 23 ni kionjo. Nikaenda kuazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, nikaifunga kwenye boriti, nikatangaza mbele ya wote: hapa hakuna kulia wala kubembeleza, mizani haina undugu na mtu.

Wa kwanza kufika ni mkwe wangu, na nusu gunia la machungwa ya Muheza. Bi Maswali akafungua simu akatusomea sheria za kwao. Chungwa haliingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Samli haiingii. Maziwa ndiyo usiseme. Matunda yanayopita bila cheti ni matano: nanasi, ndizi, tende, duriani na nazi.

Mkwe alisikia nazi tu. "Na samaki?"

Samaki mkavu aliyetumbuliwa, mpaka kilo 20.

Bibi wa watu hajasoma darasa hata moja, lakini hesabu ile aliipiga kabla mimi sijakunja kidole. "Ng'onda kilo 20, nazi kilo 3. Begi limejaa."

"Na nguo, bibi?"

"Nguo kwenu zipo."

Mkwe hajibizwi. Nikatazama boriti.

Baada yake wakaja majirani na vifurushi vya kupeleka. Mmoja ana mpwa wake Stockholm, kaleta bahasha na vitumbua. Nikamwambia huyu anakwenda Ujerumani, mpwa wako yuko Uswidi. Akanitazama kama mimi ndiye sijasoma. "Kwani Ulaya ziko ngapi? Akishuka si ampitie tu."

Mwenyewe Bi Maswali hajambo, naye kanunua mikeka na vikapu vya mkonge. Tena kwa kunipa somo! Kumbe mkonge uliletwa Tanga 1893 na Mjerumani, Hindorf, akiutoa Florida kupitia hukohuko Hamburg. Miche 1,000 ikasafirishwa, ikafika hai 62. Nikaweka spana chini. Babu yangu alikata mkonge mpaka vidole vikasahau kunyooka, kumbe yote yale yalianza na miche 62? Ningekuwapo siku hiyo ningeikanyaga yote kimyakimya, nikasingizia mbuzi. Leo unarudi Hamburg umesukwa, na wa kuupakia ni mimi.

Halafu ana orodha ya mambo ya kufanya kabla hajaondoka, na kila jambo lazima niwepo. Jumapili kaniburuta Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kwa baiskeli. Nina miaka 46, sijawahi kuingia. Mapango ni kama mkweo, unajua yupo, inatosha. Ndani giza, popo, na mtu wa kutuongoza anasema pango linatokea Mombasa, kama wazee walivyokuwa wakitwambia. Bi Maswali anaandika. Nikamwambia mimi Mombasa napanda basi.

Hiyo baiskeli yake ni Phoenix kuukuu niliyoifufua mwenyewe, ringi, mnyororo na kila kitu. Kengele yake ndiyo imemjulisha mjini. Barazani kwa wanywa kahawa wazee wakiisikia tu wanaitikia "Marahaba" hata kabla hajakata kona. Sasa inagombewa urithi na mwenyewe yu hai. Mwanangu anaitaka, mtoto wa jirani anaitaka, hata mkwe anaitaka, na yeye kupanda hajui. Nimewaambia itatundikwa ukutani karakana, asiiguse mtu.

Jana usiku tukapima. Kilo 34. Tukatoa nazi, mkwe akazirudisha. Tukatoa ng'onda nusu, mke wangu akaanza awamu ya usiku. Tukatoa vitumbua vya Stockholm, mwanangu akavila ili kumaliza ugomvi. Saa nne kasoro sindano ikatulia: 23 na robo.

"Robo hiyo ya nani?" mke wangu akauliza. Kila mtu akaapa si yake. Na mimi nikaapa, kwa sauti kuliko wote. Akalishika begi palepale linaponing'inia, akalitikisa.

Kring'.

Mkwe aliacha kutafuna tambuu. Bi Maswali akageuza shingo taratibu kuitazama ile Phoenix ukutani, usukani mtupu, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi hakuuliza kitu.

Nikawaambia mizani za vyuma chakavu zinajulikana, hazijawahi kusema kweli.