Maji au methanoli: majani ya dawa yalowekwe katika nini?

Majani yakishakaushwa kivulini na kusagwa, watafiti hugawanyika. Wapo wanaoyaloweka katika maji, kwa kuwa mgonjwa naye huyachemsha kwa maji. Wengine hutumia vimiminika vya maabara kama methanoli, ethanoli au etha, kwa sababu maji huacha kwenye makapi kemikali nyingi zenye asili ya mafuta.

Hawa wa pili wana mfano mzito. Nchini China, mwaka 1971, kikundi cha mwanasayansi Tu Youyou kilikuwa kikipata matokeo yanayopanda na kushuka kutoka kwa mmea uitwao Artemisia annua. Walipoacha joto kali na kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, dawa ya malaria ikajitokeza: artemisinini, iliyompa Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini wazo hilo lilitoka katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, yanayoelekeza mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Kwa hiyo waliosoma kwa makini namna watu walivyoutumia mmea ndio waliofaulu kwa etha.

Kosa ninaloliona kubwa ni kupima kitu kimoja na kutangaza kingine. Dondoo la methanoli, yaani kile methanoli ilichokitoa kwenye majani, likizuia bakteria, haifuati kwamba chai ya majani hayo inatibu. Nalo dondoo la maji lina mtego wake: tanini, kemikali za mmea zenye ladha ya ukakasi. Hizi hushikamana na protini yoyote, hivyo karibu kila kimeng'enya huonekana kimezuiwa. Ziondoe kwanza kwa poliamidi, plastiki inayozinasa, kisha rudia kipimo. Nguvu ikitoweka, ilikuwa ya tanini.

Utaratibu wa kawaida ni gramu 100 za unga kwa mililita 1000 za methanoli, saa 48, kuchuja, kisha kukausha kwa kupunguza shinikizo la hewa, bila kuvuka nyuzi 40. Anayetumia maji asiache unga ukae siku mbili kwenye joto la chumba, maana utachacha. Dondoo kavu huyeyushwa katika DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, nayo isizidi asilimia 1 ndani ya kisima cha sahani ya visima 96, yaani sahani ya maabara yenye vishimo vidogo vya kupimia bakteria, la sivyo yenyewe itadhuru bakteria.

Kisha huongezwa resazurini, rangi ya bluu, ambayo bakteria walio hai huigeuza waridi. Hapa wengi hupotea. Klorofili, ukijani wa majani, huficha rangi, na baadhi ya kemikali za mmea huigeuza resazurini hata pasipo bakteria. Weka kisima chenye dondoo bila bakteria, kingine chenye DMSO na bakteria tu, halafu pandikiza tone kutoka kila kisima kwenye agari, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, uone kinachoota.

Kuna hesabu ambayo ripoti nyingi hazifanyi. Dondoo linalozuia bakteria kwa miligramu 5 kwa mililita lingehitaji gramu 25 ndani ya lita 5 za damu. Kama majani hutoa asilimia 10 ya dondoo, hizo ni gramu 250 za majani makavu, na zote ziingie kwenye damu kwa mkupuo. Haiwezekani. Ila kwenye kidonda au kinywani, miligramu 5 kwa mililita inafikika kwa kusukutua tu, na huko dondoo la maji linastahili kupimwa kabla ya methanoli.