Kiporo cha maharage asubuhi, soseji hapana

Jamani tuongee kuhusu chai ya asubuhi. Mi zamani nilikuwa nakunywa chai yenye sukari na slesi tatu nne za mkate mweupe, basi, siku imeanza, halafu ikifika saa nne tumbo linanguruma kama sijala kitu, nikaamini ndo mwili wangu ulivyo. Kumbe siyo mwili, ni kwamba pale nilikuwa nimekula wanga na sukari, protini kidogo sana, na protini ndo inayokushibisha kwa muda mrefu.

Sasa mtu akiambiwa ongeza protini asubuhi anakimbilia soseji na bekoni. Hapo napinga kabisa. Nyama za kusindikwa zina chumvi nyingi, na mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, wakasema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Gramu 50 ni kama soseji moja tu! Sisemi ukila siku moja umekwisha, nasemea ile ya kila siku, hasa tunayowapa watoto eti kwa sababu inaiva haraka.

Haraka gani? Yai linachemka dakika kumi. Moja kubwa lina gramu kama 6 za protini, na tafadhali msitupe kiini, karibu nusu ya protini imo humo.

Ila moyo wangu upo kwenye maharage. Kikombe kimoja cha kiporo cha jana kina gramu 15 hivi, tena na nyuzinyuzi ambazo yai halina hata chembe, unapasha moto vizuri, unakamulia ndimu, unakula na mkate wa ngano isiyokobolewa na hapo protini ya ngano na ya maharage zinajazana pale kila moja ilipopungukiwa. Wanaolalamika gesi, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mapya.

Mtindi nao mzuri ila uwe usiotiwa sukari. Siagi ya karanga naipenda lakini tusidanganyane, vijiko viwili vya chakula vina gramu 7 za protini na gramu 16 za mafuta, ni ya kupaka tu.

Na hizi poda za protini wengi wetu hatuzihitaji. Mtu mzima wa kawaida anahitaji gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 70 ni gramu 56, na mayai mawili na kikombe cha maharage tayari ni karibu nusu. Mwenye ugonjwa wa figo asinifuate mimi, amsikilize daktari wake.

Mi siku hizi nikipika maharage jioni nazidisha makusudi, yakipoa naweka kwenye friji, na saa nne inapita wala sina habari nayo.